Usiku wa Kisutu: Safari Iendelee



 Ndugu wasomaji, wazazi na walezi wetu, sisi wanafunzi wa darasa la juu tumepewa ukurasa huu ili tutoe maoni yetu kuhusu safari ya Dar es Salaam tuliyokwenda wakati wa likizo ya Desemba, na hasa kuhusu usiku mmoja katika safari hiyo, usiku ambao umezungumzwa hapa Katesh, Dongobesh na Mbulu mjini kuliko siku zote nne tulizokaa huko.

Maneno yaliyosambaa ni haya: kwamba tulipelekwa mitaa ya Wahindi usiku, kwamba tuliingizwa ndani ya mahekalu yao, kwamba tulilishwa vyakula vilivyotolewa kwa masanamu, na kwamba mmoja wetu alipotea. Kwa ajili ya maneno hayo mzazi mmoja amemwondoa binti yake madrasa, na wapo wanaotaka safari ya mwaka ujao ifutwe, au kama haifutwi basi iwe ya mchana tu na ya misikitini tu. Katika mambo hayo manne, mawili ni kweli na mawili si kweli. Tutaeleza yote, hata lile la kupotea, kwani kuficha nako ni uongo. Na maoni yetu tunayatanguliza ili asiwepo wa kusoma akitafuta tumesimama wapi: safari iendelee, na usiku wa Kisutu ubaki ndani yake.

Tulikuwa tumefikia Kariakoo. Siku ile baada ya Alasiri Ustadh alitupanga wawili wawili, wavulana mbele, wasichana nyuma pamoja na mama walezi, tukavuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu tukila karanga. Katikati ya uwanja akatusimamisha na kutueleza jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia darasani. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji ule kwa kanuni za ujenzi. Upande wa baharini palikuwa pa nyumba za Kizungu, ndipo Uzunguni. Katikati palikuwa pa maduka na nyumba za Wahindi, ndipo Uhindini. Upande wa magharibi walikaa Waafrika, na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baina ya Uhindini na Kariakoo serikali ya kikoloni iliacha ardhi tupu, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya. Yaani pale tulipokuwa tumesimama na karanga zetu paliachwa wazi kwa makusudi ili watu wasikaribiane. Sisi tulipavuka kwa dakika chache tu.

Ukishavuka uwanja unaikuta barabara ya Bibi Titi Mohamed, yule mama wa Kiislamu wa Dar es Salaam aliyewaongoza akina mama wa TANU kudai uhuru. Wasichana wetu walipolisoma jina hilo kwenye kibao walitaka kupigwa picha hapo hapo, na msafara wote ukasimama tena. Ng'ambo ya barabara hiyo ndiko Uhindini kunakoanza: maghorofa ya zamani yenye varanda za mbao na chuma, baadhi yakiwa na majina na miaka iliyochongwa juu ya milango, na mengine yamekwisha kubomolewa yakasimama ya vioo. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zilizokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na familia nyingi za Kihindi zikaondoka nchini baada ya hapo. Zilizobaki ndizo zinazowasha taa za mitaa ile jioni.

Huku kwetu tulizoea kusema "Wahindi" kana kwamba ni kabila moja. Mitaa michache tu ilitusahihisha. Kuna Waismailia, ambao Jamatkhana yao yenye mnara wa saa ilijengwa mwaka 1930. Kuna Makhoja Ithnaashari na msikiti wao, na Mabohora na wa kwao. Kuna Waislamu wa Kisunni wenye asili ya huko huko Bara Hindi, ambao tuliswali nao safu moja. Kuna Wagoa, ambao ni Wakatoliki na Jumapili utawakuta kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kuna Masingasinga wenye vilemba. Kisha ndio wale ambao Waswahili waliwaita Mabaniani, yaani Wahindu wenye mahekalu. Mmoja wetu alimwambia muuza duka "shikamoo" akajibiwa "waalaykum salaam", akaona aibu mpaka kesho yake.

Magharibi tuliswali Kitumbini. Tulipotoka kiza kilikwisha ingia na taa za mtaa wa Kisutu zilikuwa zinawaka, na huo ni mtaa wenye mahekalu kadhaa yaliyokaribiana. Kengele zilikuwa zinapigwa, harufu ya udi na mafuta ya taa za ibada ikatoka mpaka barabarani, na viatu vilikuwa vimepangwa nje ya milango kama vinavyopangwa nje ya msikiti wetu. Muuza maua alikuwa anatunga mashada ya maua ya manjano kwa uzi, haraka haraka, bila kutazama mikono yake.

Wapo waliotaka kuingia, hatutakana. Ustadh alikataa. Alitueleza kwamba wanazuoni wametofautiana juu ya kuingia katika nyumba za ibada za wengine, wapo waliokataza na wapo walioruhusu kwa masharti, na kwamba yeye kwa amana aliyopewa na wazazi anachukua lililo salama. Akatusimulia habari mashuhuri ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokaribishwa kuswali ndani ya kanisa kubwa la Baytul Maqdis. Alikataa, akaswali nje, akichelea Waislamu wa baadaye wasije wakalinyang'anya kanisa lile kwa kudai kwamba Umar aliswali humo. Tunaipenda habari hii, kwani aliyekataa kuingia alifanya hivyo kwa kuilinda nyumba ya wenzake. Basi tukasimama ng'ambo ya barabara. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekanyaga kizingiti cha hekalu, na mama walezi ni mashahidi.

Sasa hilo la chakula. Bibi mmoja wa Kihindi, mtu mzima sana, alitoka hekaluni na sinia dogo la ladu, yale madonge matamu ya unga wa dengu, akawa anawagawia waliopita. Akaja mpaka kwetu. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," akanyoosha sinia. Mwenzetu mmoja, akitaka kukwepa bila kumuudhi, akasema, "Ahsante bibi, tumefunga." Saa hiyo! Jua limekwisha zama na mkononi ameshika ganda la karanga. Ustadh alimtazama tu, kisha akamwambia yule bibi kwa upole, "Mama, huyu kijana amekosea, hatujafunga. Ila sisi katika dini yetu hatuli kilichotolewa kwenye ibada isiyokuwa yetu. Tunaomba radhi." Tulidhani bibi atakasirika. Alicheka, akasema, "Najua. Mimi nimezaliwa hapa hapa, jirani zangu wote walikuwa Waislamu. Ngojeni." Akampa sinia mwenzake, akatuma kijana dukani, na yakaja maji ya chupa yakiwa bado hayajafunguliwa, ya kila mmoja wetu. Hayo ndiyo tuliyokunywa. Hicho ndicho "chakula cha masanamu" kilichofika Katesh kabla sisi hatujafika.

Akatuuliza tumetoka wapi. Tukasema Manyara. Manyara wapi? Hanang na Mbulu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hanang ile ya tope?" Naam, bibi, ile ile. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wetu uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom, watu zaidi ya 80 wakafa, na miongoni mwetu wapo waliopoteza jamaa. Yule bibi alikuwa ameyaona kwenye televisheni na aliyakumbuka. Alimshika kichwa msichana aliyekuwa karibu naye akasema pole, pole mwanangu. Wazazi wetu watakumbuka kwamba wiki ile hakuna aliyeuliza blanketi limetoka kwa mtu wa dini gani.

Mwenzetu ambaye babu yake ni Mbarbaig mwenye ng'ombe wengi hakuweza kujizuia, akauliza, "Bibi, ni kweli ninyi hamli ng'ombe?" Bibi akasema kweli, ng'ombe ni kama mama, anakunyonyesha, utamlaje? Mwenzetu akamjibu kwamba kwao maziwa wanakunywa na nyama wanakula, lakini babu yake hamchinji mpaka kuwe na jambo kubwa, na kila ng'ombe anamjua. "Basi mimi na babu yako tumekaribiana," akasema bibi. Baadaye njiani Ustadh alituweka sawa: babu anampenda ng'ombe kwa kuwa ni mali na heshima ya ukoo, yule bibi anamtukuza kwa imani yake, na sisi Waislamu ng'ombe kwetu ni kiumbe wa Allah na neema yake, tunamchinja kwa jina lake na tunamhurumia akiwa hai. Somo hilo la itikadi tulilifahamu pale kwa robo saa. Darasani tulikuwa tumelisoma muhula mzima.

Kutoka hapo tukaingia mitaa ya vyakula, na hapa wasomaji watuvumilie kidogo kwani tuliona makubwa. Watoto wa makande na maziwa ya mgando tulikutana na moshi wa mishkaki uliofunika mtaa mzima, mihogo ya kukaanga na chachandu, bajia za dengu, kachori, sambusa, na urojo ule wa rangi ya manjano wenye embe mbichi na ndimu, ambao ndani yake wanatia bajia, viazi, chipsi za muhogo na mishkaki yote kwa pamoja, kisha unapewa bakuli na kijiko unakula umesimama. Juisi ya miwa ilikuwa inakamuliwa na mashine yenye gurudumu kubwa, ikitiwa ndimu na tangawizi. Jalebi zilikuwa zinazungushwa ndani ya mafuta kama mtu anayeandika. Mzee mmoja aliuza tambuu zilizokunjwa kwa ustadi, na Ustadh alikataza tusiguse kwa kuwa nyingine hutiwa tumbaku. Kila mwanafunzi alikuwa amepewa shilingi elfu tatu, na wapo waliozimaliza kwenye urojo peke yake.

Na hapa ndipo tulipojifunza halali na haramu kwa vitendo. Kabla ya kununua mishkaki ilikuwa lazima kuuliza nani kachinja, na wauzaji hawakuona tabu kujibu, wamezoea. Tulifika duka la chakula la Kihindu ambalo halipiki nyama wala mayai kabisa. Ustadh akasema kwamba kilichoharamishwa kwetu kutoka kwa watu kama hao ni machinjo yao na kilichotolewa kwa ibada yao, ama mchele, dengu na mboga zilizopikwa katika vyombo safi, hazina ubaya. Mpishi alituuliza, "Na kitunguu mnakula?" Tukashangaa. Kumbe wamo Majaini, watu wa dini nyingine ya Bara Hindi, ambao wengi wao hawali kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni. Mpishi yule kila siku anapika akiwafikiria watu wa masharti manne matano tofauti, na anauliza kabla hujamuuliza.

Ndugu wasomaji, tujiulize kwa haki. Ni nani kati yetu anayekwenda mnadani, akakaa kwenye banda la nyama choma, akauliza nani kachinja? Tumewaona vijana wetu, na baba zetu wengine, wakila mpaka mifupa bila kuuliza neno. Lakini Kisutu, mbele ya hekalu, kila mmoja wetu aliuliza. Mtu akiwa kwao anajiona yuko salama, akiacha kwao ndipo anapokumbuka yeye ni nani. Tunasema hivi si kwa kuwavunjia heshima wazee wetu. Tunasema kwa sababu hoja iliyotolewa ni kwamba safari itatulegeza dini, na sisi tuliona kinyume chake.

Tena sisi wa Mbulu na Hanang tulipaswa kuwa wa mwisho kuogopa mchanganyiko. Nchi yetu hii ndogo ina Wairaqw ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga ambao lugha yao ni ya Kiniloti, Wanyiramba na Wanyaturu wa Kibantu, na kule bonde la Yaeda wapo Wahadza ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi na haijapatikana ndugu yake. Waislamu ni wachache kati ya Wakatoliki, Walutheri na watu wa mila. Tunaishi nao vipi? Jirani Mkristo akiwa na arusi humwita Mwislamu achinje, ili wote wale sahani moja. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka litakapovunjika. Februari 2013 huko Buseresere, mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje uliishia kwa kuuawa mchungaji. Watu walikuwa wamekaa pamoja miaka yote.

Na lugha yetu inatusaliti. Tunasema "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", tunacheka. Wadatoga wanaitwa Wamang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya maadui, na wapo wanaoliandika hivyo hivyo mpaka leo. Yule mwenzetu mjukuu wa Mbarbaig ameitwa hivyo uwanjani, na waliomwita ni sisi, siyo watu wa Dar es Salaam. Aliposikia ile methali ya Baniani ikitajwa ndani ya treni wakati wa kurudi, ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Surat Al-An'aam imetukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine, na Surat Al-Hujuraat imetueleza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kuitana majina mabaya. Aya hizi tunazihifadhi tangu madarasa ya chini. Kujuana kunafanyika wapi kama si kwa kukutana?

Sasa tukiri makosa. Ni kweli mwenzetu mmoja alipotea, kwa muda wa kama dakika ishirini hivi. Alisimama kutazama mashine ya miwa, msafara ukakunja kona. Hakuwa na simu wala namba ya Ustadh. Alifanya jambo la akili, akarudi kwenye duka la yule mpishi wa mboga na kukaa hapo, na mpishi akamweka karibu na mlango ili aonekane. Wazazi wana haki ya kuogopa, hasa kwa watoto wa kike, na mji ule una wezi na pikipiki zisizosimama. Walimu watatu kwa wanafunzi thelathini na wawili hawatoshi usiku. Sisi tunapendekeza walimu na walezi wasipungue sita, kila mwanafunzi awe na kadi yenye namba mbili za simu, waliomaliza Juzuu ya Amma tu ndio waende, na kurudi kuwe kabla ya Isha kama tulivyofanya, kwani Isha tuliiswali Kariakoo kwa jamaa. Gharama itapanda, tunajua, na nauli ya basi mpaka Dodoma na treni mpaka Dar es Salaam si ndogo kwa mkulima wa ngano au mfugaji. Ikibidi safari iwe kila baada ya miaka miwili.

Lakini kuifanya ya mchana tu hatukubaliani nako. Mchana Kisutu ni mtaa wa mabenki, magari na watu wenye haraka. Watu wa mitaa ile huonekana jioni, maduka yakishafungwa, wanapoweka viti nje, wanapokwenda kwenye ibada zao na wanapokula. Mchana tungeliona majengo tu, na majengo tunaweza kuyaona kwenye kitabu.

Kwa yule mzazi aliyemwondoa binti yake, tunamwomba kwa heshima zote aje atuulize sisi tuliokuwapo. Binti yake ndiye aliyeshikwa kichwa na kupewa pole na yule bibi, na chupa ile ya maji hakuifungua, alirudi nayo nyumbani. Kiti chake kwenye safu ya tatu bado hakijakaliwa na mtu.

Mkutano wa wazazi utakuwa Jumamosi baada ya Adhuhuri. Ustadh ametuambia tusizungumze humo mpaka tuulizwe, ndiyo maana tumeyaandika hapa.

Wabillahi tawfiq.